Maji Yalipopita Njia ya Mkato

Boito
4 Machi 1974

Kwa Mama Bitutu,
Karakana ya Rejeta, Litein

Mama,

Sina salamu za kukupa. Naandika nikiwa kitandani, mguu wa kulia umefungwa plasta kutoka paja mpaka vidoleni.

Bila shaka umesikia, maana Litein hakuna kitu kisichosikika. Jumapili ya tarehe 24 Februari nilirusha ndege yangu kwa mara ya kwanza kutoka uwanja wa nyasi wa estate ya chai. Unajua nimeijenga miaka minne. Mbao nilipasua mwenyewe, kitambaa nilishona mwenyewe, injini nilitoa kwa ile gari ya Kijapani iliyogongwa Chepseon, ile ya rota isiyo na pistoni. Kila kitu kwenye ndege hiyo kilipita mikononi mwangu isipokuwa kimoja, nacho ni rejeta ya kupoza maji ya injini. Hiyo nilikupa wewe uilehemu.

Dakika ya saba maji yalichemka. Mvuke mweupe ulitoka chini ya boneti ukafunika kioo, injini ikakaza, ikazimika. Nilianguka kwa chai ya estate, shamba namba saba. Bawa la kushoto lilivunjika, na mguu wangu pia.

Nilifanya kazi ya ndege miaka tisa Nairobi, kwa hivyo usiniambie habari ya injini. Maji hayachemki ghafla hivyo kama hayajamwagika, na hayamwagiki kama lehemu haijaachia. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye ripoti ya mkaguzi wa ndege, na jina lako nimeliweka. Msimamizi wa karakana ya estate nimemwambia asikuletee lori zake tena mpaka mambo haya yaishe.

Marehemu mume wako Omwenga hangenipa kazi kama hii.

Kipyegon arap Mibei


Litein
9 Machi 1974

Bw. arap Mibei,

Pole kwa mguu. Hayo ndiyo maneno ya heshima niliyonayo leo, na nimeyamaliza.

Umeniandikia mimi mwisho. Mkaguzi umemwandikia kwanza, msimamizi wa estate umemwambia pili, na mimi niliyefanya kazi yenyewe nimepata habari wakati lori mbili zimeshageuzwa mlangoni pangu. Mtu akitaka kujua ukweli wa rejeta huanza kwa kuiangalia rejeta. Wewe ulianza kwa kuandika ripoti.

Omwenga muache alale. Miaka sita ya mwisho ya maisha yake macho yalikuwa hayaoni mshono, na mikono iliyokuwa ikilehemu ni hii yangu. Uliikubali kazi yangu mara nyingi ulipofikiri ni yake.

Nitumie rejeta kama ilivyo, usiioshe wala usiinyooshe. Na unijibu mambo mawili. Geji ya joto ilikuwa inasema nini kabla ya mvuke kutoka? Na tangu nilipokukabidhi rejeta mpaka siku uliporuka, ni nani aligusa kitu chochote kwenye njia ya maji? Namaanisha pampu, mipira, kifuniko, thamostati, kitu chochote.

Mimi ni mtu wa kulehemu, sijapanda ndege hata moja. Lakini maji nayajua.

Phelis Nyambeki


Boito
20 Machi 1974

Mama Bitutu,

Rejeta inakuja na gari la maziwa. Utaona mwenyewe ilivyo.

Geji ilikuwa inasema digrii themanini. Themanini, mama. Hiyo ni injini yenye afya. Halafu mvuke. Kwa hivyo injini haikuwa na makosa, ilikosa maji ghafla kwa sababu kitu kilipasuka. Sijui naweza kukueleza kwa lugha gani nyingine.

Kuhusu nani aligusa, niligusa mimi peke yangu, nami ndege ni kazi yangu. Sikukutumia rejeta ili unifanyie mtihani.

Fundi wa Nakuru ananitengenezea nyingine. Ana mashine, hafanyi kazi kwa jiko la makaa.

K. arap Mibei


Litein
2 Aprili 1974

Bw. arap Mibei,

Nimeiangalia rejeta yako siku tatu. Tangi la juu limebonyea kwa sababu lilipiga mti wa kivuli, na gome la mti bado limo ndani. Mirija kumi na mmoja imekatwa kwa pembe, na kitu kikikatwa kwa pembe kimegongwa, hakikuachia. Mishono yangu imeshika. Hakuna tundu lililokuwepo kabla hujaanguka.

Sasa turudi kwa geji yako. Uliandika themanini kwa furaha kubwa, na mimi nimekaa na hiyo namba nikiipika. Huku kwetu juu maji huchemka mapema kuliko Kisumu, lakini hayachemki kwa themanini. Sasa kama mvuke ulikuwa unatoka na geji inasema themanini, basi geji ilikuwa inakudanganya. Na geji hudanganya hivyo kwa sababu moja tu ninayoijua mimi. Kile kichwa chake kikiachwa na maji, hakisomi maji tena, kinasoma hewa.

Kwa hivyo nakuuliza tena, na usinijibu kwa hasira. Mshale ulipanda kwanza, halafu ukashuka wenyewe bila wewe kufanya lolote?

Atuti, fundi aliyekuwa akinisaidia hapa tangu siku za Omwenga, ameondoka. Alisema hawezi kukaa mahali ambapo watu wanapita wakinong'ona. Jumapili kanisani Jerusa wa duka la nguo aliniuliza polepole kama ni kweli kazi yangu imeua mtu. Nikamwambia mtu mwenyewe yuko Boito na anaandika barua.

Phelis Nyambeki


Boito
11 Juni 1974

Kwako Phelis,

Mimi naitwa Chepkemoi, bibi ya arap Mibei. Hunijui lakini mimi nakujua kwa sababu barua zako ziko kwa sanduku la zana na nimeona maandishi ni ya mwanamke. Kiswahili cha kuandika sikijui sana lakini utaelewa.

Wewe achana na bwana yangu. Mtu amevunjika mguu, amelala miezi, sasa anatembea na fimbo, na wewe kazi ni kumwandikia geji geji, maji maji. Akisoma barua yako anakaa nje mpaka chakula kinapoa. Mimi nikimuuliza ni nini anasema ni mambo ya kazi. Kazi gani na mwanamke?

Na usifikiri ukimshika na maneno ndege yake itakubali. Haikubali kitu. Jana amewasha uwanjani na rejeta mpya ya Nakuru, ile ya mashine, haijaruka hata, imesimama tu pale. Imechemka kama chungu. Yeye akaenda kufungua kifuniko na maji yakamrukia mikono yote miwili. Sasa mimi ndiye namlisha na kijiko kama mtoto. Na bado anasema mwezi wa saba lazima aruke kwa sababu bawa limepona.

Hiyo ndiyo nyumba yangu sasa. Usiongeze barua nyingine.

Chepkemoi


Litein
17 Juni 1974

Bw. arap Mibei,

Mke wako ameniandikia. Mwambie sina haja na mume wa mtu, hasa huyu. Lakini mwambie pia asante, kwa sababu kwa karatasi moja ameniambia kitu ulichonificha. Rejeta ya Nakuru imechemka pia, na bila kuruka. Je, fundi wa Nakuru naye ana jiko la makaa?

Sasa soma pole pole, kwa maana sitaandika haya mara mbili.

Pale Chepseon kuna Bw. Kebaso anayeuza mbao. Ana gari kama ile uliyotoa injini yako. Mwezi uliopita aliniletea akisema rejeta imeziba, gari linachemka kila kilima. Rejeta haikuwa imeziba. Nikauliza ni nani amelifungua, akasema fundi wa barabarani alitoa thamostati ili gari lipoe, kama wanavyofanya kwa lori na basi zote. Kwa bahati alikuwa ameitupa ndani ya dashibodi, nikaishika mkononi.

Hiyo si thamostati ya gari nyingine. Chini ina kisahani kidogo kama mguu. Injini ikipata joto, juu inafungua mlango wa maji kwenda kwa rejeta, na wakati huo huo ule mguu unashuka kuziba tundu lingine, tundu linalorudisha maji kwa pampu moja kwa moja. Nilitia kidole changu kwa hilo tundu, kikaingia chote. Ukitoa thamostati, tundu linabaki wazi siku zote. Maji hayawezi kuhangaika na mirija myembamba ya rejeta wakati kuna mlango mpana karibu. Yanapita njia ya mkato, yanarudi kwa injini yakiwa na joto lile lile, tena na tena.

Sikuamini maneno yangu mwenyewe, kwa hivyo nilijaribu. Niliwasha gari la Kebaso hapa uani bila thamostati. Halikumaliza robo saa, likachemka. Juu ya injini maji yanatokota, na chini ya rejeta yalikuwa baridi hata ningeweza kumwogesha mtoto. Nikairudisha thamostati nikawasha tena, tukanywa chai yote na halijachemka.

Na ile injini yako ni mbaya zaidi kwa jambo hili, wewe unalijua kuliko mimi. Haina pistoni za kugawana moto. Upande mmoja wa nyumba yake unaungua wakati wote na upande mwingine ni baridi wakati wote. Maji yakipunguza mwendo kidogo pale penye moto, yanageuka mvuke. Mvuke ukisukuma kifuniko, maji yanatoka nje. Kichwa cha geji kinabaki kwa hewa, mshale unashuka, na rubani anafurahi.

Uliitoa thamostati, arap Mibei. Sijui ni lini na sijui ni kwa nini, lakini uliitoa. Irudishe. Usiruke kabla hujairudisha.

Sikuandikii kwa upendo. Nakuandikia kwa sababu ukifa, ripoti yako ndiyo itabaki, na jina langu liko ndani yake.

Phelis Nyambeki


Boito
28 Juni 1974

Mama Bitutu,

Barua yako ya tarehe 17 nairudisha bila kuifungua. Mambo yetu sasa yako kwa mkaguzi. Usiniandikie tena, wala usijibizane na mke wangu.

K. arap Mibei


Litein
29 Julai 1974

Bw. arap Mibei,

Juzi Jumamosi saa nne na nusu asubuhi ndege yako ilipita juu ya soko la Litein. Ilizunguka mara saba. Nilitoka nje na saa ya Omwenga mkononi, nikahesabu dakika arobaini. Haikutoa mvuke hata kidogo. Watu waliacha viazi wakaangalia juu. Mwanamume mmoja kando yangu akasema, "Sasa amepata rejeta nzuri, ile ya Nakuru." Wengine wakanitazama.

Nilirudi ndani nikatoa bahasha uliyonirudishia "bila kuifungua." Niliiweka kando mwezi mzima kwa sababu ya hasira. Sasa nikaikagua kama ninavyokagua mshono.

Siku nilipoifunga sikuwa na gundi. Niliibandika kwa uji wa ngano, kama tunavyobandika bahasha zote hapa. Uji ukikauka ni mweupe, unachubuka kwa kucha. Bahasha niliyonayo imebandikwa kwa kitu cha rangi ya kahawia, kigumu kama pembe ya ng'ombe. Nilijaribu kukichubua nikavunja kucha. Nilimpelekea seremala akanusa akasema hiyo ni gundi ya mbao, ya bei ya juu, si ya viti.

Uliifungua, ukaisoma, ukaifunga kwa gundi ya mabawa yako. Halafu ukarudisha thamostati, ukaja kuzunguka juu ya kichwa changu dakika arobaini.

Nataka mambo mawili, na yote kwa maandishi. La kwanza ni barua kwa mkaguzi kwamba rejeta yangu haikukuangusha. La pili ni barua kama hiyo kwa msimamizi wa estate. Asante yako siihitaji.

Nakala ya barua yangu ya Juni ninayo, nilitumia karatasi ya kaboni. Na bahasha ninayo.

Phelis Nyambeki


Boito
14 Agosti 1974

Bi. Nyambeki,

Chepkemoi hajui naandika barua hii. Ukishaisoma ichome.

Ndiyo, niliisoma. Niliifungua kwa mvuke wa birika nikiwa jikoni peke yangu, mikono bado ina bandeji. Niliisoma mara nne. Thamostati ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu la kazi tangu Februari. Nilipoitoa na kuigeuza, nikauona huo mguu. Nilikuwa nimeishika siku ile ya kwanza na sikuutazama.

Nitakwambia ilivyokuwa, kwa sababu sijamwambia mtu. Asubuhi ile kulikuwa na watu labda mia mbili uwanjani. Mzee wangu alikuwa ameletwa kwa kiti. Niliwasha injini, na kwa kuwa ndege imesimama haina upepo wa kutosha, joto likaanza kupanda. Watu walikuwa wamesimama tangu alfajiri. Dereva mmoja wa lori akaja kando yangu akaniambia, "Mzee, toa thamostati. Sisi sote tumetoa." Mimi nilifukuzisha watu kazi Nairobi kwa kugusa injini bila kuandika kwenye kitabu cha ndege. Niliitoa kwa dakika kumi. Nikaitia mfukoni. Sikuandika kitu.

Juu mshale ulipanda mpaka mia na kumi. Niliogopa. Nilikuwa nimeshaanza kugeuza nirudi, ndipo ukashuka wenyewe mpaka themanini. Nikacheka peke yangu kule juu. Badala ya kurudi nikavuta ndege ipande zaidi. Ulilolisema ndilo lililotokea, na ulilisema ukiwa umekaa Litein hujapanda ndege hata moja. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko mguu.

Sasa nisikilize. Mkaguzi anakuja Jumatatu tarehe 2 Septemba. Akiona kitabu kimekaa vizuri atanipa kibali. Akijua nilitoa kitu bila kuandika, kisha nikaandika ripoti ya uongo, kisha nikaruka Julai bila ruhusa, hanipi kibali mwaka huu wala ujao. Kaa kimya wiki tatu. Nikishapata kibali nitasafisha jina lako mbele ya mtu yeyote utakayenitajia.

Ukikataa, nitasema kuna mwanamke anayenionea wivu kwa sababu nilienda Nakuru. Wataamini nani?

K. arap Mibei


Litein
19 Agosti 1974

Bw. arap Mibei,

Sikuichoma.

Ukurasa wako wa kwanza ulinifanya nikae chini. Nilifikiri, sasa huyu amekuwa mtu. Halafu nikageuza karatasi nikamkuta yule wa Machi bado yuko pale ananingoja.

Unasema utasafisha jina langu baada ya kibali. Baada ya kibali utakuwa na jambo lingine la kulinda. Kila siku tangu Februari umekuwa na jambo la kulinda, na kila mara anayelipia ni mimi. Nilikuwa na lori tisa za estate, sasa sina hata moja. Bitutu alipigana shuleni kwa sababu mwenzake alimwambia mama yako anaangusha ndege. Hicho kimya unachokiomba kwa wiki tatu mimi nimeshakaa nacho miezi sita.

Unauliza wataamini nani. Najua wataamini nani, sihitaji uniambie. Ndiyo maana sitamwandikia mkaguzi. Nikimwandikia mimi, litakuwa neno la mjane wa lehemu dhidi ya neno la fundi wa ndege. Utaandika wewe, kwa mkono ule ule ulioandika ripoti ya kwanza.

Tarehe mbili Septemba nitakuja uwanjani. Nitakaa kando, chini ya mwavuli wangu, na barua yako ya tarehe 14 ndani ya Biblia. Mkaguzi akimaliza kazi yake na wewe hujasema, nitamsalimu.

Phelis Nyambeki


Boito
6 Septemba 1974

Bi. Nyambeki,

Nilikuona na mwavuli wako. Na uliondoka kabla ya mwisho, kwa hivyo nitakuandikia usiyoyasikia.

Ulifikiri nilikuwa namwonyesha mkaguzi injini pale mwanzo. Nilikuwa nampa kitabu cha ndege, hata hajavua koti. Alisoma ukurasa wa Februari, akarudi nyuma, akausoma tena.

"Hii uliandika lini?" akaniuliza.

"Leo asubuhi."

"Kuhusu jambo la miezi sita iliyopita?"

"Ndiyo, bwana."

"Na kwa nini leo?"

Nilikuwa na majibu mazuri niliyoyatayarisha usiku kucha. Nikasema, "Kwa sababu kuna mtu Litein anayejua, na amekuja."

Akaangalia kule ulipokaa. Akapekua kurasa mpaka Julai. Halafu akaniuliza kuhusu Julai, nikamwambia na Julai. Ndipo akakifunga kitabu. Wakati huo wewe ulikuwa umeshafika barabarani.

Ndege haitaruka mwaka mmoja kamili. Injini ifunguliwe yote. Njia ya maji itengenezwe upya na kupimwa kwa presha mbele ya shahidi, na kila kitu kiandikwe. Leseni yangu ya kurusha ameenda nayo Nairobi, na hakusema itarudi.

Nakala mbili ziko ndani ya bahasha hii. Moja ni ya mkaguzi, nyingine ni ya msimamizi wa estate. Ile ya estate nilimsomea kwa mdomo mbele ya madereva wake, na mmoja wao alikuwa yule aliyeniambia nitoe thamostati. Aliangalia viatu vyake.

Mzee wangu ameuliza ni lini nitaruka tena. Nilimwambia mvua imekuwa nyingi. Chepkemoi amejua yote, na siku mbili hakusema nami isipokuwa kuhusu ng'ombe.

Sikufanya hivi kwa ajili yako. Sikupendi, na sidhani nitakupenda. Ulinisukuma ukutani kama mwizi, na nisingesema kama usingekuja. Hilo nalijua na linaniuma. Msamaha siuombi kwa sababu najua jibu.

Kuna jambo moja la kazi. Rejeta ya Nakuru ni nzito mno, inainamisha pua ya ndege. Ile yako bado iko kwako. Kama inaweza kunyooshwa, inyooshe. Kama hutaki, niambie ndiyo au la.

Kipyegon arap Mibei


Litein
21 Septemba 1974

Bw. arap Mibei,

Lori za estate zimeanza kurudi. Ya kwanza ililetwa na dereva ambaye hakutaka kunitazama usoni, nafikiri ni yule wako. Atuti pia amerudi. Barua yako kwa estate nimeibandika mlangoni kwa misumari minne, na Jerusa ameisoma kwa sauti kwa kila anayepita, hata wasiouliza.

Nilifikiri siku hiyo ikifika nitalala vizuri. Sijalala vizuri, kwa hivyo naandika.

Tarehe 2 Aprili nilikuandikia kwamba hakukuwa na tundu kwenye rejeta yangu kabla hujaanguka. Lilikuwepo. Kona ya tangi la chini, upande wa kushoto, dogo kama la sindano. Halikutokana na ajali. Shaba pale sikuisugua vizuri, na lehemu ilikaa juu bila kushika. Ningeliona siku ya kwanza kama ningeipima kwa presha, lakini pampu yangu ilikuwa imekufa, na wewe ulikuwa unakuja kila asubuhi kuuliza kama iko tayari. Niliijaza maji tu, nikaiangalia, nikakupa.

Tundu hilo halikukuangusha. Nililipima kabla sijaligusa. Lilitoa tone, likangoja, likatoa tone lingine, na kwa dakika saba usingepoteza hata kikombe. Uliangushwa na njia ya mkato na mfuko wa koti lako, na hilo sitalibadilisha. Lakini nililiona tundu hilo siku ile ile rejeta ilipofika na gari la maziwa, na nililiziba kabla Atuti hajarudi kutoka chai. Halafu nikachukua kalamu nikakuandikia kuhusu uongo wa geji.

Ulipokuwa unampa mkaguzi kitabu chako, mimi nilikuwa nimekaa chini ya mwavuli na jambo hili. Ndiyo sababu niliondoka.

Nimemwandikia mkaguzi jana. Nakala yake iko ndani ya bahasha. Sijui atafanya nini nayo. Estate nao watasikia, na labda lori zitageuzwa tena mlangoni. Nimemweleza Atuti mwenyewe. Aliuliza tundu lilikuwa upande gani, akaenda kuwasha makaa.

Mimi na wewe hatujawa marafiki. Mambo uliyoniandikia Machi bado nayakumbuka neno kwa neno, na yale ya Agosti pia.

Jibu la swali lako ni ndiyo. Nimetoa mirija kumi na mmoja nikaweka mipya, na tangi la chini nimelivua lote nikaanza upya kwa shaba iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Nimenunua pampu. Atuti ameipima, nami nimeipima baada yake, na hatukuona tone. Njoo uichukue mwenyewe, lakini usiniamini. Kuna pipa la maji hapa uani. Utaizamisha kwa mikono yako, utapiga presha, na utakaa pale ukiangalia mpaka utosheke.

Phelis Nyambeki